Kutoa otomatiki kwenye DAF na kufunga gia za mkono: TD au TO?

*"Nina DAF XF105.460 ya 6x2 iliyotoka Uingereza, tairi 315/80R22.5. Giaboksi yake ya otomatiki, AS-Tronic, imeanza kugoma. Mara inakataa kuingiza gia, mara inabaki nyutro gari likiwa mlimani. Fundi wangu anasema niachane nayo nifunge ya mkono, ZF ya gia 16, na ameniletea mbili za mtumba. Kibao cha moja kimeandikwa TD, cha nyingine TO. Anashauri TO kwa sababu ina ovadraivu: gari litakimbia, litakula mafuta kidogo, na gia 16 zina nguvu kuliko 12. Dereva wangu anaapa kwamba TO haitapanda Kitonga na mzigo. Difu yangu ni 2.69. Natoka Dar kwenda Tunduma mpaka Lubumbashi, narudi na shaba, uzito wote unafika karibu tani 50. Nimsikilize nani? Na je, nibadilishe na difu?"*

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Gari kubaki nyutro katikati ya mlima na tani 50 nyuma si jambo la kusimulia tu na kusahau, na ninaelewa kwa nini unataka kuliondoa tatizo moja kwa moja. Nakushukuru pia kwa kuuliza ukiwa na namba mkononi. Wengi huniuliza "giaboksi ipi nzuri?" bila kutaja difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, wala tairi, na hapo siwezi kuwajibu kitu cha maana.

Jibu lenyewe ni hili. Kwa difu ya 2.69, ukiamua kufunga gia za mkono, chukua TD. TO usiiguse isipokuwa uko tayari kubadilisha na difu. Dereva wako amefika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi: TO itapanda mlima wa Kitonga sawasawa na TD, kwa kasi ileile, na nitakuonyesha kwa nini. Ubaya wa TO kwenye gari lako utauona kwenye barabara iliyonyooka na pale unapoondoka na mzigo. Fundi wako naye ameshika kitu cha kweli kuhusu ovadraivu, ila amekitoa kwenye gari lenye difu tofauti na lako.

Kabla hujatoa shilingi, turudi kwanza kwenye hiyo AS-Tronic. Watu huiita otomatiki wakadhani ni kama ile ya gari dogo, yenye mafuta yanayosukuma kila kitu. Ndani yake ni giaboksi ya kawaida, yenye meno ya kawaida na klachi ya kawaida kabisa. Tofauti ni kwamba kazi ya mguu na mkono wa dereva inafanywa na upepo, kwa amri ya kompyuta. Kwa hiyo dalili ulizozieleza, kukataa gia leo na kukubali kesho, mara nyingi hutoka kwenye upepo, waya, sensa au klachi iliyoisha, huku gia zenyewe zikiwa nzima. Fungua vali za matangi ya upepo uone kama yanatoa maji. Yakitoa, kikausha upepo chako kimekufa, na unyevu huo ndio unaoharibu vali ndogondogo zinazosukuma gia. Uliza kichujio chake kilibadilishwa lini. Kisha mtafute mwenye mashine ya kupimia magari ya DAF, ile inayoitwa DAVIE, akusomee namba za hitilafu. Mwisho, toa mafuta ya giaboksi uyapitishe kwenye kitambaa safi. Ukikuta vipande vya chuma, au gari lilikuwa linalia kwenye gia fulani, hapo ndani kumeharibika kweli. Usipokuta kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unataka kuitupa giaboksi nzima kwa sababu ya kifaa kimoja cha upepo.

Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Gia za mkono zina faida ya kweli kwenye njia yako: likiharibika Mpika au Serenje huko Zambia, fundi wa hapo analijua. Ila kubadilisha kunagharimu mengi kuliko bei ya giaboksi, na nitayataja huko chini.

Sasa tuingie kwenye reshio, maana hapa ndipo watu wanapotezana.

Tairi la nyuma halioni giaboksi na difu kama vitu viwili. Linapokea matokeo ya vyote viwili kwa pamoja. Difu ya 2.69 maana yake propela, ile shafti ndefu kutoka giaboksi hadi difu, izunguke mara 2.69 ili tairi lizunguke mara moja. Gia yenye reshio ya 1.00 maana yake injini na propela zinazunguka sawa. Gia ya 16.41 maana yake injini inazunguka mara 16.41 kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Ukitaka kujua tairi linapata nini, zidisha: gia mara difu. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu ya kuvuta na linatembea polepole. Ikiwa ndogo, gari linakimbia na injini inapumua chini. Mtu akikwambia "hii giaboksi ina kasi" bila kuuliza difu yako, amekupa nusu ya hesabu.

Tairi la 315/80R22.5 likizunguka mara moja linasogeza gari takriban mita 3.28. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya kisheria kwa malori ya aina yako Tanzania, tairi linazunguka karibu mara 406 kwa dakika. Shika namba hiyo.

Giaboksi zote za ZF tunazozungumzia zimeandikwa herufi za mwisho kwa maana. TD ni ile ambayo gia yake ya juu kabisa ni 1.00, yaani injini inaunganishwa moja kwa moja na propela. TO ni ile yenye ovadraivu, yaani gia ya juu iko chini ya 1.00 na propela inazunguka haraka kuliko injini; kwenye ya mkono ni 0.84. AS-Tronic za TD, ambazo huambatana na difu ndefu (yenye namba ndogo) kama yako, zinaanza na 15.86 na kuishia 1.00. Ya mkono ya TD inaanza na 16.41 na kuishia 1.00. Ya mkono ya TO inaanza na 13.80 na kuishia 0.84.

Ziangalie hizo mbili za mkono. 16.41 hadi 1.00, na 13.80 hadi 0.84. Ukigawanya, urefu wa ngazi ni uleule. TO ni ngazi ya TD iliyosogezwa juu hatua moja: imeacha kipago cha chini kabisa ikaongeza kimoja juu. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: kati ya kipago cha chini na cha juu, kipi unakihitaji zaidi ukiwa na difu ya 2.69?

Tupige hesabu ya juu. Ukiwa na TD, gia ya 16, kilomita 80: 406 mara 1.00 mara 2.69 ni karibu mizunguko 1,093 kwa dakika. Injini yako ya MX ya 460 inatoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, ambayo mafundi tunaiita toki, kuanzia mizunguko 1,000 hadi 1,410. Hapo inatoa Nm 2,300. Kwa hiyo kwenye 1,093 uko ndani ya eneo lake, karibu na mwanzo, mahali pazuri pa kusafiria. Ndivyo wenye DAF walivyokusudia.

Weka TO, gia ya 16, kasi ileile: 918. Umeshuka chini ya 1,000, na hapo injini haina tena zile Nm 2,300. Barabara ikiwa tambarare kabisa itavumilia. Lakini twende kwenye mpando mdogo wa asilimia 1 tu, yaani mita 1 kwa kila mita 100, mpando ambao dereva haoni hata kama ni mpando. Kwa tani 50 kwenye kilomita 80, kwa makadirio yangu injini inatakiwa itoe karibu Nm 2,400 ikiwa kwenye mizunguko 918. Haina. Kwenye 1,093 kazi ileile inahitaji kama Nm 2,000, na hizo inazo na akiba juu yake. Kwa hiyo dereva wako wa TO atakuwa kila dakika anarudi gia ya 15, ambayo kwenye TO ni 1.00. Maana yake atasafiri Dar mpaka Lubumbashi kwenye reshio ileile ambayo TD ingempa, na ile gia ya 16 itabaki ya kurudi tupu au ya mteremko mwepesi.

Na akiwa mbishi asirudishe? Injini itaanza kutetemeka kwa mapigo mazito. Mapigo hayo yanakula springi za sahani ya klachi, yanagonga meno ya giaboksi, na mafuta yanachomwa vibaya. Nimeshafungua klachi ya gari lililofungwa hivyohivyo, TO juu ya difu ndefu, nikakuta springi zimevunjika na vipande vimesaga flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hulishika. Mwenye gari alikuwa anamlaumu dereva. Dereva alikuwa anafuata alichoambiwa, kwamba gia ya juu inaokoa mafuta.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya kweli ya fundi wako. Ovadraivu huokoa mafuta pale difu ilipo fupi, yenye namba kubwa, na injini ingekuwa inapiga mizunguko mingi bure. Difu yako ya 2.69 imeshaifanya kazi hiyo. Zaidi ya hapo, gia ya 1.00 inapitisha nguvu moja kwa moja bila meno kusukumana njiani, na kila jozi ya meno inayosukumana inapoteza kidogo kama joto. Kwa safari ndefu, 1.00 na difu ndefu ni mpango mzuri kuliko 0.84 na difu fupi. Tofauti si kubwa sana, lakini ipo, na iko upande wa TD.

Sasa mlima, nimjibu dereva.

Chukua mpando wa asilimia 8, tani 50. Kulishikilia lori hapo kunahitaji reshio ya gia isiyopungua kama 4 kwenye difu yako, hata injini ikiwa kwenye toki yake ya juu. Gia ya kwanza inayofaa ni 4.57. Kwenye TD hiyo ni gia ya 8. Kwenye TO ni gia ya 7. Kwenye AS-Tronic yako ya TD ni gia ya 6. Namba za gia zinatofautiana, reshio ni ileile 4.57, kwa sababu giaboksi zote tatu zina gia za sayari mkiani zenye reshio hiyo hasa, zile zinazokutenganishia renji ya chini na ya juu, yaani kundi la gia nzito na kundi la gia nyepesi. Kwa hiyo giaboksi zote tatu zitapanda sawa, kwenye kilomita kama 25 kwa saa, injini ikiwa karibu mizunguko 1,560. Kasi hiyo imewekwa na kilowati 340 za injini. Ukitaka kupanda kwa 35 na mzigo huo, utahitaji injini nyingine.

Hii inajibu pia habari ya gia 16 kuwa na nguvu kuliko 12. Idadi ya gia haiongezi nguvu hata kidogo. Inachoongeza ni ukaribu wa hatua. Kwenye AS-Tronic, ukipandisha gia injini ikiwa 1,600, inaanguka hadi karibu 1,250. Kwenye ya mkono yenye gia 16 inaanguka hadi karibu 1,350. Mlimani hatua fupi ni msaada kwa dereva anayejua kuitumia splita, ile swichi inayogawa kila gia kuwa mbili: anapata gia inayofaa kasi yake kamili, hang'ang'ani na ya juu inayozamisha injini wala ya chini inayoifanya ilie bure. Dereva asiyeijua splita ataziruka, na hapo una gia 8 tu ulizolipia kama 16.

Tofauti ya TD na TO kwa upande wa nguvu iko chini kabisa, kwenye kuondoka. Zidisha na difu: TD inakupa 44.1, AS-Tronic uliyonayo 42.7, TO 37.1. TO itaondoka, tusidanganyane. Lakini injini ikiwa kwenye mizunguko 600 ya kusimama, TD inatembea karibu kilomita 2.7 kwa saa, TO karibu 3.2. Mpaka lori lifike kasi hiyo, klachi inateleza. Kwenye TO inateleza muda mrefu zaidi, ikiwa na nguvu ndogo zaidi ya kuondokea, na joto lote hilo linaishia kwenye sahani. Kwa anayeondoka mara mbili kwa siku haina shida. Wewe unasimama kwenye mizani, unasogea mita 10 kisha unasimama tena kwenye foleni ya Tunduma, na siku nyingine lori la mbele yako linakufa Kitonga ukalazimika kuondokea mlimani. Gari lako ni 6x2, ekseli moja tu ndiyo inayosukuma, kwa hiyo kwenye lami yenye maji tairi litateleza kabla nguvu haijaisha. Hapo unataka kuondoka polepole na kwa upole iwezekanavyo. Gia nzito ndiyo inayokupa upole huo.

Nikae kidogo kwenye kushuka, kwa sababu hukuliuliza na mimi ndilo linaloninyima raha. Ukirudi na shaba, Kitonga unaishuka ukiwa na mzigo wote. Tani 50 kwenye mteremko wa asilimia 8, ukishuka kwa kilomita 25 kwa saa, zinakusukuma kwa nguvu ya kilowati kama 245. Ukishuka kwa 40, ni karibu 390, zaidi ya injini yako inavyoweza kutoa ikikanyagwa mpaka mwisho. Nguvu yote hiyo lazima igeuke joto mahali fulani. Isipokuwa kwenye breki ya injini na kwenye intarda, ile breki ya ziada ya giaboksi, itakuwa kwenye ngoma za breki na kwenye tela.

Kwa hiyo angalia leo kama AS-Tronic yako ina intarda. Ni bonge la chuma mkiani mwa giaboksi, lina mabomba ya maji ya rejeta, na dereva analiamuru kwa mkono ulio pembeni ya usukani. Kama unayo, halafu ukafunga ya mkono isiyo nayo, utakuwa umeondoa breki kubwa kuliko zote kwenye gari lako, na dereva wako aliyezoea kuivuta atagundua mteremkoni. Hilo silikubali kwa bei yoyote. Tafuta TD yenye intarda, au itengeneze AS-Tronic. Kama hukuwa nayo tangu mwanzo, breki ya injini ndiyo tegemeo lako, na hiyo hukaba vizuri injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu inayoruhusiwa kwenye dashibodi. Dereva ashuke kwa gia ambayo angepandia, au nzito zaidi, na aichague juu kabla ya kuanza kushuka. Kwenye giaboksi ya mkono, ukikosa gia mteremkoni na mzigo, huipati tena. AS-Tronic ilikuwa inamlinda kidogo na kosa hilo.

Turudi kwenye difu. Je, ubadilishe? Kama TD utaipata nzima, hapana, iache 2.69 yako. Kama TD haipatikani kabisa na TO ndiyo iliyobaki, hapo difu ya 3.07 inaingia vizuri. TO na 3.07 zinakupa 42.4 ya kuondokea, karibu sawa kabisa na ulichokuwa nacho, na mizunguko 1,048 kwenye kilomita 80. Ni mpango mzuri. Lakini sasa unalipia kazi mbili. Kronwili na pinieni, gia mbili kuu za ndani ya difu, lazima zitoke pamoja kama jozi moja, na kuzipanga ni kazi ya fundi mwenye vipimo na subira. Ni afadhali uchukue kichwa kizima cha difu kutoka kwenye gari lililochinjwa kuuzwa vipuri kuliko kununua kronwili pekee na kuipanga kwa kukisia. Ukibadilisha difu, spidi na tachografu (kifaa kinachorekodi safari) vitasoma uongo mpaka vipimwe upya, kwa sababu sensa yake inasoma mkia wa giaboksi na haijui kilichobadilika nyuma yake. Msomaji mwenye 6x4 akumbuke kwamba zake ni difu mbili, na lazima zifanane reshio.

TD na 3.07 pamoja? Utakuwa na mizunguko kama 1,250 kwenye 80 na gia ya kwanza yenye 50.4. Ningemfungia anayeingia machimboni na kwenye barabara za udongo. Kwa safari yako ndefu ya lami ni mafuta ya ziada bila sababu.

Usiamini kibao peke yake, maana kwenye mtumba vibao huhama. Difu ipime hivi: weka vizuizi imara kwenye matairi mengine, legeza breki ya maegesho, weka nyutro, inua upande mmoja tu wa ekseli inayosukuma na uuweke juu ya stendi. Zungusha tairi lililoinuliwa mara 20 kamili, huku mtu akihesabu propela kwa alama ya chaki. Kwa kuwa upande wa pili umesimama, propela ikizunguka karibu mara 27 ni 2.69, ikikaribia 31 ni 3.07. Giaboksi ikiwa chini, ingiza gia ya kwanza renji ya chini, zungusha shafti ya mbele ukihesabu mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja. Ukipata zaidi ya 16, ni TD. Ukipata 11 na nusu, ni TO. Ukipata karibu 14, bado hujajua, kwa sababu zote mbili zina 13.80. Ipulizie splita upepo ihame upande wa pili, kisha hesabu tena.

Soma pia namba iliyo kabla ya TD. Tarakimu mbili za mwanzo baada ya 16S zinakuonyesha toki inayohimilika, kwa mamia ya Nm: 18 ni kama 1,800, 22 ni kama 2,200, 25 ni kama 2,500. Injini yako inatoa 2,300. Ya 18 au 19 ikatae hata ukipewa kwa nusu bei. Ya 22 iko ukingoni, kwa hiyo mpe muuzaji wa vipuri vya DAF namba yako ya chasi akuthibitishie kabla hujalipa.

Kuhusu vitu vingine, muulize fundi wako kimoja kimoja na akujibu kimoja kimoja: pedeli ya klachi na silinda zake, kwa sababu gari lako halina, sahani ya klachi yenye meno yanayolingana na shafti mpya, flaiwili, urefu wa propela na flanji yake, mkono wa gia na nyaya zake. Giaboksi ikiwa imetoka kwenye lori la usukani wa kushoto, mpangilio wa mkono wa gia hautakuja kama ulivyo. Ningependa zaidi ununue kila kitu kutoka gari moja lililochinjwa, hata kama ni ghali kidogo mwanzoni.

Kisha kuna kompyuta, na hapa ndipo ninapokuomba usikubali njia ya mkato. Kompyuta kuu ya gari inategemea kuongea na ile ya AS-Tronic. Ukiiondoa bila kuiambia, unaweza kubaki na gari lisilowaka, lisilotoa breki ya injini, au linalojipunguzia nguvu. Mtu mwenye DAVIE lazima aandike upya kwamba gari hili sasa ni la gia za mkono. Fundi akikwambia atakata waya fulani na kuunganisha mwingine na mambo yataisha, simamisha kazi hapohapo mpaka mwenye mashine afike. Vilevile simamisha kazi na uite mtaalamu aje kuiona kwa macho kama mafuta ya difu yana vipande vya chuma, kama propela inatetemeka baada ya kufungwa, au kama intarda inafungwa na fundi ambaye hajawahi kuunganisha mabomba yake ya maji. Haya siwezi kuyapima kwa maandishi.

Kazi ikiisha, usianze na tani 50. Anza na gari tupu mpaka Chalinze na kurudi. Ukiwa gia ya 16 kwenye kilomita 80, soma mizunguko. Ikionyesha karibu 1,100, kila kitu kimekaa kama tulivyohesabu. Ikionyesha 920, umefungiwa TO. Ikionyesha 1,250, difu yako si 2.69. Hapo irudishe gereji kabla hujapakia.